Mifuko ya nailoni tuliiacha, lakini plastiki bado inajaa jikoni: nianzie wapi? (Nairobi)

MamaZawadi_Umoja

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa wale wanaolijua jambo hili kwa vitendo, si kwa maneno ya mabango.

Mfuko wa kubebea ulipigwa marufuku Agosti 2017, na kwetu haupo. Lakini pipa la taka limejaa plastiki vilevile. Nikilichambua nakuta pakiti za maziwa, mifuko ya mkate na sukari, chupa za mafuta, mifuko myembamba ya sukuma iliyokatwa, karatasi ya plastiki ya kufungia nyama, vikopo vya maziwa lala, sacheti za sabuni, na nepi. Nepi nyingi.

Tuko watano ghorofani Umoja, mtoto mmoja ana miezi saba. Hatuna gari, maji huja kwa zamu, na bajeti ni ya kununua kidogo kidogo. Maduka yanayouza vitu vya "bila plastiki" yako mbali na bei zake hazitufai.

Ninachotaka kujua: nianze na kitu gani kwanza? Bucha na mama mboga nawaambiaje bila kuonekana msumbufu? Na ile ambayo haiepukiki niipeleke wapi isiishie mtoni?

---

NafakaMarikiti

Mama Zawadi, pole, na usijilaumu. Marufuku ya 2017 iligusa mifuko ya kubebea na ile bapa. Vifungashio ambavyo kiwanda hufungia bidhaa hukohuko inakotengenezwa viliachwa nje ya katazo, ndiyo maana mkate, sukari na maziwa bado vinakuja na plastiki yake kisheria. Huwezi kuishinda hiyo kwenye rafu ya supamaketi. Unaishinda kwa kubadilisha mahali unaponunulia na chombo unachobeba. Kwa bahati nzuri Nairobi bado ni mji wa kupimiwa: gorogoro (kopo la kupimia nafaka), mashine ya maziwa, mafuta ya kupima, bucha, soko. Wenzetu wa miji mingine wanajenga upya kitu ambacho sisi hatujakipoteza.

Anza na nyama, kwa sababu ndipo makosa ya mizani yanapotokea. Beba bakuli la stenlesi au la enameli lenye kifuniko, jepesi. La kioo ni zito na mizani midogo haitaki uzito wa ziada. Sema kabla kisu hakijagusa nyama, maana muuzaji huvuta karatasi kwa mazoea na ikishalowa damu hairudi. Kama mizani ni ya dijitali, bakuli tupu liwekwe juu, abonyeze kitufe cha T, kioo kisome sifuri, ndipo nyama iingie. Kama ni ya kuning'inia au ya mawe, nyama ipimwe kwenye sahani ya mizani yenyewe kisha imiminwe bakulini. Mwambie muuzaji jambo moja la kumtuliza: hapotezi chochote, anaokoa karatasi. Nawe unafaidika, kwa kuwa nyama ikipimwa pamoja na karatasi unailipia karatasi bei ya nyama. Usikubali gazeti ligusane na nyama. Wino wake haukutengenezwa kwa chakula na mafuta ya nyama huuvuta.

Sukuma iliyokatwa ni shida ya muda kuliko plastiki. Mama mboga huikatakata mapema na kuipanga kwenye mifuko ili wateja wa saa moja jioni wasisubiri. Ukipita asubuhi au ukimpigia simu, acha sufuria yenye kifuniko na uichukue ukirudi kazini. Ukinunua nzima, funga shina kwa kamba ya mgomba au uzi, simamisha vikonyo kwenye maji ya vidole viwili na funika majani kwa kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo. Bila friji zitafika siku ya pili zikiwa bado imara. Iliyokatwa ipikwe siku hiyohiyo.

Nafaka. Hapa ndipo unapopunguza mengi kwa mara moja. Maharagwe, ndengu, njugu, mchele na mahindi vyote hupimwa kwa gorogoro sokoni, na gorogoro la nafaka ni takriban kilo 2. Shonesha mifuko minne ya kitambaa cha marekani, upana sentimita 30 na urefu 45, mishono ya ndani ikunjwe mara mbili ili mchele usivuje. Unga wa pakiti mara nyingi uko kwenye karatasi, kwa hivyo si adui mkubwa. Lakini ukitaka posho, yaani unga wa mahindi unayosagisha mwenyewe, sikiliza haya:

Mahindi mabichi yakihifadhiwa huota ukungu, na sumu ya aflatoksini haiondoki kwa kupika. Jipimie kabla ya kulipa gunia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na hayo usinunue. Isipogandamana yako chini ya hapo, lakini kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo yaanike tena juani siku moja au mbili kabla ya kuyaweka kwenye debe.

Saga ya wiki mbili tu. Unga usiokobolewa una mafuta ya kiini na huanza kuchacha. Na unga hutoka kinuni ukiwa moto: ukiufungia kifuniko njiani, mvuke hugeuka maji kwenye kifuniko na unga unashika ukungu kuanzia juu. Ubebe kwenye mfuko wa kitambaa, ufike nyumbani, upoe kabisa, ndipo uingie kwenye kopo la bati.

Mafuta ya kupima: chupa ya kioo ya mililita 750 yenye mdomo mwembamba. Ioshe kwa maji moto na sabuni, isuuze, iinamishe siku nzima. Tone la maji likibaki, mafuta yataruka sufuriani na yataharibika mapema. Usijazie mapya juu ya mabaki ya zamani, yaliyochacha huyachachisha mapya. Kisha angalia kipimo: lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa karibu kilo 0.92. Muuzaji mmoja akitaja bei ya kilo na mwingine ya lita, usilinganishe namba hizo mbili hivyo zilivyo.

Maziwa ya mashine yanataka mkebe wa alumini au stenlesi, si chupa ya plastiki iliyotumika. Mikwaruzo ya plastiki huficha utando wa maziwa ambao brashi haiufikii, na maziwa ya kesho yanaganda ukiyachemsha. Kuosha mkebe kuna mpangilio: kwanza maji baridi, kwa sababu maji moto hugandisha protini ukutani. Halafu maji moto na sabuni na brashi, hasa kwenye shingo na mkunjo wa kifuniko. Suuza, inamisha juani. Hata kama mwenye mashine anasema yamechemshwa kiwandani, yachemshe tena nyumbani.

Mkate sina jibu zuri. Mikate ya viwandani yote iko kwenye mfuko. Chapati za nyumbani zinapunguza, basi.

---

Kiondo_Kariokor

Nakubaliana na NafakaMarikiti karibu kote. Naongeza la chombo cha kubebea, kwa sababu watu wengi wanadhani wameacha plastiki kumbe wameibeba begani.

Ile mifuko laini ya rangi, inayofanana na kitambaa na kuuzwa vibandani kwa shilingi chache, ni polipropilini, plastiki ileile ya vikopo. Nyuzi zake hazikufumwa, zimebanwa kwa joto, ndiyo maana baada ya muda hunyonyoka vipandevipande vidogo ambavyo hakuna anayeweza kuviokota. Gunia jeupe la sukari ni polipropilini pia, iliyofumwa. Na hili linauma zaidi: vyondo vingi vinavyouzwa leo vimesukwa kwa nyuzi za viwandani badala ya katani. Vina rangi nzuri na bei nafuu, lakini ni plastiki.

Namna ya kujua: omba muuzaji akukatie uzi mmoja kutoka mwisho wa mshono. Ushike kwa kibanio, nje penye hewa, uuguse na kiberiti. Katani na pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu linalopukutika. Plastiki hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Kiondo cha katani pia hukwaruza kidogo mkononi na kina harufu ya majani makavu.

Cha katani kikilowa usikianike juani kikiwa na umbo baya, kitakauka hivyo. Kijaze magazeti, kianike kivulini. Mpini wa ngozi ndio hukatika kwanza, na mafundi wa Kariokor hushona mpya kwa uzi uliopakwa nta.

Lakini usikimbilie kununua. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha ulinganisho wa mifuko ya supamaketi kwa kigezo cha kuongeza joto la dunia. Wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3 ili ulingane na ule mwembamba uliotumika mara moja, wa polipropilini isiyofumwa mara 11, wa pamba mara 131. Hesabu hiyo haikupima mitaro iliyoziba wala ng'ombe waliomeza nailoni, na hayo ndiyo yaliyotusumbua sisi. Hata hivyo inasema jambo la kweli: mfuko bora ni ule ulionao tayari, mpaka uchakae. Kama una mifuko mitano ya rangi nyumbani, itumie. Usinunue ya sita.

---

MamaZawadi_Umoja

Asanteni sana. Lile la kitufe cha T sikulijua. Je, maji? Tunanunua chupa za kunywa na tunahifadhi ya zamu kwenye mitungi ya lita 20. Niitupe?

---

Chujio_Dagoretti

Usiitupe, mama. Mtungi wa lita 20 wa namba 2 (angalia pembetatu chini) ni plastiki imara ambayo hudumu miaka ukiitunza, na kuutupa ni kuongeza taka uliyokuwa umeizuia. Kinachouharibu ni jua: ukiachwa balkoni juani hukauka, unapauka na kupasuka kwenye mshono wa chini. Uweke ndani. Mtungi uliobeba dawa au petroli usitumike kwa maji hata ukioshwa mara ngapi, maana plastiki hunywa harufu na kemikali.

Kinachofaa kuondoka ni chupa za kunywa za kununua kila siku. Chemsha. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Bado inatosha: yakianza kutokota kwa nguvu hesabu dakika moja, zima, funika yapoe kwenye sufuria hiyohiyo. Kuyatokosa dakika kumi ni kuchoma gesi bure. Kama yana tope, yaache yatulie usiku na yachuje kwa kitambaa kizito kabla ya kuchemsha.

Onyo moja kwa wanaotumia maji ya kisima. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kama kikomo. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke huzidi kujikusanya. Chujio la udongo nalo haliondoi floridi. Kwa mtoto wa miezi saba ambaye meno yake yanaanza kujengeka, hili si dogo. Mwulize mwenye nyumba maji yanatoka wapi, na kama ni kisima omba cheti cha vipimo. Hapo ndipo mtungi wa lita 20 wa kujaziwa, ule wa kurudisha kwa muuzaji, una maana: ni plastiki, ndiyo, lakini hujazwa tena na tena. Kabla ya kuupokea kagua kizibo kimefungwa na hakina ute wa kijani shingoni.

Kwa maji salama ya mferejini, mtungi wa udongo hupoza vizuri kuliko chupa yoyote. Maji hupenya polepole mpaka nje na kukauka, na kukauka huko ndiko kunakopoza. Uweke penye upepo juu ya sahani, usiupake rangi, na usichote kwa kikombe cha kunywea. Tumia kata yenye mpini mrefu au nunua wenye bomba. Kila wiki usugue ndani kwa katani na maji tupu. Sabuni huingia kwenye vinyweleo vya udongo na utaionja.

Nikiwa kwenye vinywaji: kikombe cha karatasi cha chai ya barabarani kina utando wa polithini ndani, la sivyo kingelowa. Beba kikombe cha bati. Na majani ya chai nunua ya kawaida, si ya vifuko, kwa sababu baadhi ya vifuko hubanwa kingo kwa plastiki ili visifunguke. Kichujio cha chuma hakiishi leo wala kesho.

---

Mboji_Kasarani

Nijibu swali la tatu, la "niipeleke wapi". Hapa ndipo moyo huvunjika, kwa sababu watu hutenga taka kwa bidii halafu gari linazichanganya. Dampo la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa kuwa limejaa 2001, na magari bado yanaingia. Kwa hiyo lengo ni kutoa vitu kwenye pipa kabla gari halijafika.

Kitu cha kwanza kutenga si plastiki, ni mabaki mabichi. Maganda na mabaki yakichanganyika na chupa, chupa inanuka na hakuna yadi ya chakavu itakayoinunua. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka kila nyumba itenganishe taka za mabaki ya viumbe na nyinginezo, na Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa notisi ya siku 90 kwamba mabaki hayo yasikusanywe tena kwa mifuko ya kawaida ya plastiki. Hivyo hauombi hisani ukimwambia anayekusanya taka kwenye ploti yenu kwamba una debe na si mfuko.

Debe la jikoni: karatasi mbili za gazeti chini, moja ikunjwe kupanda ukutani. Limwage kila siku ya pili. Halihitaji mfuko wa ndani hata kidogo kama maji ya chakula yanachujwa kwanza sinkini.

Mboji ya balkoni inawezekana. Chukua debe la lita 20, toboa matundu kumi hivi ya ukubwa wa penseli chini na safu mbili ubavuni, liweke juu ya matofali mawili na sahani ya kukinga maji. Anza na vidole vinne vya vitu vikavu: trei za mayai za karatasi zilizochanwa, majani makavu, unga wa mbao ya kawaida. Unga wa mbao za kubandikwa gundi usitumie. Kisha kwa kila kopo moja la mabichi funika na makopo mawili ya makavu. Geuza mara moja kwa wiki. Kata maganda ya ndizi na vigunzi vipande vidogo, vinginevyo utavikuta vizima baada ya miezi mitatu.

Ikinuka, imelowa mno na hewa haipiti: ongeza trei za mayai, geuza. Siafu wakiingia, imekauka: nyunyizia maji mpaka ukiiminya mkononi itoe tone moja tu. Nzi wakijaa, umeacha mabichi juu bila kufunika. Nyama, mifupa na chakula chenye mafuta visiingie kabisa, ghorofani vitaita panya. Jivu la jiko ni konzi moja kwa mwezi, si zaidi, huifanya mboji kuwa kali kwa miche.

Sasa plastiki yenyewe. Wanunuzi wa yadi hawataki "plastiki", wanataka aina. Namba 1 ni chupa za maji na soda, namba 2 mitungi na chupa za sabuni na jiki, namba 5 vikopo vya siagi na vingi vya maziwa lala. Alama ikifutika, kata kipande na ukitumbukize majini ukikibonyeza ili hewa itoke: namba 1 huzama, namba 2, 4 na 5 huelea. Kwa sababu hiyohiyo toa vizibo. Chupa ni namba 1, kizibo ni 2 au 5, na vikichanganywa kilo nzima hushushwa bei. Suuza kwa maji uliyokwisha kuoshea vyombo, usitumie safi. Kanyaga chupa iwe bapa, kusanya gunia zima, kisha ongea na mwokota taka anayepita kwenu. Watu hao ndio wanaofanya kazi ya kweli ya kurejeleza mji huu, na gunia safi lililopangwa linampa mapato bila kuingia dampo. Mpe kwa heshima.

Mifuko ya mkate na sukari ni plastiki laini, mara nyingi namba 4, na hununuliwa kwa wingi tu ikiwa kavu na safi. Pakiti za krispi na biskuti zenye fedha ndani ni tabaka zilizogandishwa, hazitenganishiki, hazina mnunuzi. Hizo ni za kuacha kununua. Njugu za kupimiwa kwenye koni ya karatasi zinachukua nafasi yake vizuri.

Na tafadhali, wote mnaosoma: msiwashie jiko kwa nailoni. Moshi wake unaingia kwenye chakula na kwenye vifua vya watoto, na kama kuna kipande cha PVC (plastiki ya mabomba) ndani yake unatoa sumu ya dioksini. Maganda ya machungwa yaliyokaushwa siku nne juu ya jiko yana mafuta na hushika moto haraka, pamoja na vijiti na gazeti moja.

---

MsomaLebo

Mboji_Kasarani umesema vyema, ila watu wasije wakaenda kununua mifuko ya taka iliyoandikwa "huoza" wakadhani wametii. Kuna aina tatu tofauti nyuma ya neno hilo. Moja ni polithini ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuifanya ivunjike juani. Haiozi, inagawanyika kuwa chembe, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika sheria yake ya 2019. Ya pili, kama PLA, imetokana na mimea lakini inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 58, ambalo debe la balkoni halifikii. Ya tatu huoza hata kwenye mboji ya nyumbani, na hiyo huwa na alama ya uthibitisho inayosema hivyo waziwazi. Bila alama, usilipe zaidi.

Kuhusu vifungashio vya karatasi vya chipsi na maziwa: chana pembe taratibu. Ukiona utando mwembamba unavutika kati ya nyuzi za karatasi, ni karatasi yenye plastiki, haiendi kwenye mboji. Boksi la maziwa ya muda mrefu lina karatasi, polithini na alumini kwa pamoja.

---

NafakaMarikiti

Sahihi kabisa. Ndiyo maana nyumba yenye debe na gazeti haihitaji mfuko wa aina yoyote kati ya hizo tatu.

---

NepiZaKitambaa

Mama Zawadi hajajibiwa la nepi, na kwa mtoto wa miezi saba ndilo zito kuliko yote kwenye pipa lake.

Nepi ya kutupa ni plastiki nje, plastiki ndani na chembe za kunyonya katikati. Hakuna yadi inayoichukua. Huhitaji kuiacha yote. Zamu za maji ndizo zitaamua. Mtoto wa umri huo hutumia karibu 6 mpaka 8 kwa siku, kwa hiyo nepi 20 za taulo na vifuniko 5 zinakufikisha siku mbili na akiba kidogo. Ukijua maji hayaji siku tatu, tumia za kitambaa mchana siku za maji na za kutupa usiku. Hata hivyo umepunguza nyingi.

Chagua taulo la pamba la mraba wa sentimita 60, lisilo zito sana, kwa kuwa nene halikauki msimu wa Julai. Vifuniko vya kisasa visivyopitisha maji vina utando wa plastiki, hilo nalisema wazi, lakini kimoja hutumika mamia ya mara.

Kinyesi kikung'utwe chooni kwanza. Usiloweke kwenye ndoo ya maji kwa siku mbili, inaoza na ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Weka kavu kwenye ndoo yenye kifuniko. Siku ya kufua: suuza kwa maji baridi, fua kwa maji moto na sabuni ya mche iliyokunwa, suuza mara mbili. Suuzo la mwisho linaweza kuwa suuzo la kwanza la ndoo inayofuata, hivyo unaokoa maji. Usitie kilainishi cha nguo: hupaka nyuzi mafuta na nepi inaacha kunyonya, mkojo unapita pembeni. Zikianza kufanya hivyo hata bila kilainishi, sabuni imebaki ndani. Zichemshe dakika kumi kwa maji matupu mara moja, suuza mpaka povu liishe. Vifuniko visichemshwe, utando hubanduka. Anika nepi juani kamili, vifuniko kivulini.

Upele ukitokea, badilisha kila saa mbili na uache mtoto bila nepi kwa muda mchana. Mafuta mazito ya ngozi yakigusa kitambaa huziba nyuzi kama kilainishi, kwa hiyo tandika kipande cha pamba nyepesi juu ya nepi siku hizo na kukifua peke yake.

---

MamaZawadi_Umoja

Nimeyaandika yote. Naanza na bakuli la bucha, mkebe wa maziwa na debe la maganda wiki hii, nepi mwisho wa mwezi. NafakaMarikiti, mifuko ya marekani nishone mwenyewe kwa mkono au lazima cherehani?

---

NafakaMarikiti

Kwa mkono inatosha, mshono wa kurudi nyuma, hatua za milimita 3. Fua kitambaa kwa maji moto kabla ya kukata, marekani mpya husinyaa na ina wanga. Tia kamba ya katani mdomoni badala ya zipu. Na andika uzito wa kila mfuko mtupu kwa kalamu isiyofutika kwenye upindo, ili muuzaji mwenye mizani ya kilo aupunguze bila mabishano.